Je, wajua supamaketi inamhusuje heroe (flamingo) wa Ziwa Nakuru, Kenya?

Ukija mpango wa duka kubwa lenye maegesho ya mamia ya magari, kelele za barazani huanzia kwa wenye vibanda: sisi tutauzia wapi? Kisha mzee mmoja anauliza maji yatapita wapi, na vijana wanacheka. Mimi naona swali la mzee ndilo zito.

Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Maegesho ya hekta moja ni mita 10,000 za mraba. Ikipiga mvua kubwa ya milimita 50, hapo pameanguka lita 500,000, yaani maboza (malori ya maji) 50 ya lita 10,000 kila moja. Pangekuwa na nyasi, mengi yangezama ardhini. Juu ya lami hayazami; yote yanashuka kwa pamoja.

Na Nakuru ni mji wa mteremko. Toka kilele cha Menengai hadi ziwani ni kushuka zaidi ya mita 500, na mji umekaa katikati. Simama kando ya mtaro mvua ikianza uone yale maji ya kwanza: meusi, yamevaa utando wa mafuta unaometameta kama shingo ya njiwa, chupa za soda zikigongana juu yake. Udongo wenyewe ni majivu ya volkano, mwepesi, hukatika upesi maji yakielekezwa sehemu moja.

Huko chini, ziwa halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa mvuke tu, uchafu unabaki. Tena hata maji safi yana shida yake. Heroe mdogo (ni jina la aina, si kinda) hula mwani unaostawi kwenye magadi. Maji yasiyo na chumvi yakizidi, magadi huzimuka, mwani hupungua, ndege anahamia Ziwa Bogoria. (Tusimsingizie mwenye duka: maziwa ya Bonde la Ufa yamefurika tangu 2010 hivi, hasa kwa mvua nyingi. Ila lami nayo inaongeza yake.)

Wengi hudhani mwenye haki ya kupinga ni jirani wa kiwanja peke yake. Sivyo. Kwa sheria ya mazingira ya 1999, mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari, na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, huitangaza ripoti ili wananchi watoe maoni. Leseni ikitoka, kuna siku 60 za kukata rufaa. Na Ibara ya 70 ya Katiba ya 2010 inakuruhusu kwenda mahakamani bila kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara.

Barua ya "hatutaki" huwekwa kando upesi. Inayosumbua ni ile yenye maswali: maji ya paa yanaingia tangi gani? Kuna shimo la kunasa mafuta kabla ya mtaro? Maegesho ni lami tupu, au kabro (matofali ya kutandika chini) zenye matundu ya kuotea nyasi? Na yale maboza 50, bwawa la kuyapokea liko wapi kwenye ramani?