Mapafu ya mkimbiaji si kinga ya maradhi ya mwinuko

Wengi wanaojiandaa kwenda kambi ya chini ya Mlima Everest, Nepal, huamini kwamba mwenye mazoezi hapatwi na maradhi ya mwinuko, yaani kuugua kwa kupanda juu sana kabla mwili haujazoea. Si kweli, tena imani hii ni ya hatari, kwa sababu aliye fiti ndiye mwenye nguvu za kupanda haraka kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea.

Kambi iko mita 5,364 juu ya usawa wa bahari. Oksijeni huko bado ni asilimia 21 ya hewa, sawa na Mombasa. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hata kila pumzi ikaleta takriban nusu tu ya oksijeni ya pwani. Mwili hujirekebisha kwa kupumua zaidi na, baadaye, kwa kuongeza chembe nyekundu za damu. Kazi hiyo huchukua siku, na kasi yake haitegemei misuli.

Ndiyo maana waongozaji hulaza wageni usiku wa ziada katika makazi ya njiani: Namche Bazaar (mita 3,440), na tena Dingboche (mita 4,410). Mchana mnapanda kidogo, kisha mnarudi chini kulala. Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku.

Kichwa kikiuma na hamu ya chakula ikapotea, mwambie mwongozaji, usijikaze. Akikutaka utembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole, nawe ukayumba, huenda ubongo umevimba. Hapo ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku wa manane.