Ulaini wa Pilates Usimhadae Mtu

Imani inayonichosha si ile ya wanaume wa Kisumu kwamba Pilates, mazoezi ya mkekani ninayofundisha, ni mchezo wa wasichana wa Milimani, mtaa wa wenye nacho. Hiyo huisha yenyewe pindi mwanamume alalapo mkekani na miguu kuanza kutetemeka. Inayonichosha ni ile ya watoto wenye nia njema wanaomleta mama yao mwenye umri wa miaka 70 wakinihakikishia kwamba, kwa kuwa mazoezi haya ni laini na yanamfaa kila mtu wa kila umri, nimweke tu nyuma ya darasa afuate wenzake.

Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1883, hakuwatungia nyanya zetu mazoezi haya. Alikuwa mpenzi wa masumbwi na jimnastiki, na alipohamia New York katika miaka ya 1920 wacheza densi wakawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Kitabu chake cha 1945 kina mazoezi 34 ya mkekani, na mengi kati ya hayo humtaka mtu aukunje uti wa mgongo mbele, mara nyingine hadi miguu ipite juu ya kichwa.

Hapo ndipo penye hatari. Mwanamke akishakoma hedhi, homoni ya estrojeni hupungua na mifupa yake huliwa haraka kuliko inavyojengwa upya. Pingili ya mgongo iliyodhoofika hubonyea upande wa mbele inapokunjwa kwa nguvu, na inaweza kuvunjika bila mwenyewe kuanguka, naye akadhani ni uchovu wa palizi tu. Mwaka 1984, watafiti Sinaki na Mikkelsen wa hospitali ya Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha habari za wanawake 59 wenye tatizo hilo la mifupa ya mgongo kudhoofika: kati ya waliofanya mazoezi ya kukunja mgongo, asilimia 89 walipata mivunjiko mipya, ilhali kati ya waliofanya ya kuunyoosha kwa nyuma ni asilimia 16 tu. Nakubali kwamba kundi la kukunja lilikuwa na wanawake 9, idadi ambayo mtakwimu yeyote angeikunjia uso. Hata hivyo, wanaosema basi mama akae kitini apumzike wasishangilie, kwa sababu kati ya 6 ambao hawakufanya zoezi lolote, 4 walivunjika.

Kwa hiyo mama wa namna hiyo simwambii ajikunje kutoka sakafuni, wala simpindui miguu. Humwekea kunyanyua kifua akiwa amelala kifudifudi, kuinua nyonga, na kusimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika kiti, maana anguko ndilo humvunja nyonga. Je, kuna mantiki ya kumkataza kukunja mgongo mkekani kwa dakika chache ilhali ameinama asubuhi nzima juu ya magunia pale soko la Kibuye? Swali hilo hunisumbua, na jibu langu la pekee ni kumfundisha kuinama kwa kukunja nyonga badala ya mgongo, jambo ambalo huenda lina faida kubwa kuliko darasa lenyewe.

Wengine niwapitie upesi. Mtoto wa shule anahitaji dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mpira uwanjani humtosheleza kuliko mkeka wangu. Mjamzito ambaye mimba imekua asilale chali kwa muda mrefu, kwani uzito wa mfuko wa uzazi hubana mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Akishajifungua, kazi ya kwanza ni misuli inayobeba kibofu, si kitambi. Mwenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, awe karani au mwendesha bodaboda, atapata nafuu, ingawa mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalopima tafiti za tiba, hayakupata ushahidi thabiti kwamba Pilates inayashinda mazoezi mengine. Asiyeweza kulipia darasa langu hajapoteza tiba ya pekee.

Anayemleta mama yake basi aje na majibu: je, kimo chake kimepungua, na je, aliwahi kuvunjika mkono kwa anguko dogo? Aniambie pia kama ametumia dawa ya prednisolone kwa muda mrefu kwa ajili ya pumu au baridi yabisi, na swali hilo la mwisho namwuliza hata binti yake wa miaka 40, kwa sababu dawa hiyo hudhoofisha mifupa bila kusubiri uzee.