Je, wajua mpiga zumari la mfuko (bagpipe) wa Dropkick Murphys anapumua saa ngapi?

Sikiliza "Amazing Grace" kama Dropkick Murphys, bendi ya panki ya Kikelti (roki ya kasi iliyochanganywa na muziki wa jadi wa Ayalandi na Uskoti) kutoka Quincy, Massachusetts, Marekani, walivyoirekodi mwaka 1999. Zumari la mfuko linaanza peke yake, polepole, kwa heshima zote. Kisha ngoma na magitaa ya umeme yanavamia, kasi inapanda, na zumari linaendelea mfululizo bila mwanya hata mmoja wa mtu kuvuta pumzi.

Jibu la haraka huwa kwamba jamaa ana mapafu ya ajabu. Ushahidi nao hutolewa: uso mwekundu, jasho, mishipa ya shingo. Lakini jamaa anapumua kama mimi na wewe, tena mara nyingi ndani ya wimbo huohuo. Wengine hudhani anapuliza zumari lenyewe, kama mtu apulizavyo filimbi. Hapana. Mdomo wake hauzifikii kabisa zile ndimi za mwanzi zinazolia. Anachopuliza ni mfuko, na kinachosukuma hewa anapovuta pumzi ni mkono.

Chukua nyumba yenye tangi juu ya paa katika mtaa wa mgao. Maji ya mtaani huja na kukatika, lakini jikoni yanatiririka tu, kwa sababu jikoni kunategemea tangi. Mfuko ndio tangi hilo. Akipuliza, unajaa, akivuta pumzi, anaubana kwapani ili msukumo usishuke. Kwenye mrija wa kupulizia kuna kilango kinachoruhusu hewa kuingia tu, isimrudie kinywani. Ugumu uko kwenye kupokezana kati ya pumzi na mkono: msukumo ukiyumba kidogo, sauti nayo inayumba, na mwanafunzi anajulikana tangu mbali.

Wapiga zumari wa pwani yetu wameimaliza kazi hiyohiyo bila mfuko. Mashavu ndiyo yanayotunza akiba ya hewa, yakiisukuma nje huku nyingine ikivutwa puani.

Hewa isiyokatika ina masharti yake. Huwezi kupiga noti moja mara mbili kwa kusita katikati, kwa sababu kusita hakuna. Lazima uchomeke noti nyingine fupi mno ili sikio lisikie mbili. Yale manyunyu ya noti unayoyasikia si madoido matupu, ndiyo yanayotenganisha noti. Kupunguza sauti nako ni shida: ukilegeza msukumo, noti zinapinda au ulimi unanyamaza. Noti za kuchezea ni 9 tu, na juu yake mabomba matatu yanavuma sauti ileile mwanzo hadi mwisho.

Kibaya zaidi kwa mpiga gitaa, noti ambayo zumari hili huiita A hulia karibu na B-flat (noti inayofuata juu ya A ya gitaa), mara nyingi juu yake kidogo. Basi bendi nzima humfuata mtu mmoja: nyuzi zikazwe, wimbo uhamishwe, au litafutwe zumari lililochongwa kwa kipimo cha gitaa. AC/DC, bendi ya roki ya Australia iliyotia zumari la mfuko kwenye wimbo wake, walilazimika kufanya hesabu hizo tangu 1975.

Si kila bendi ya aina hii ina zumari la mfuko. The Pogues, walioanza London mwaka 1982, walijijengea jina kwa filimbi ya bati, akodioni na banjo. Tena, zumari la Dropkick Murphys ni la Uskoti, ingawa bendi inajinasibu na Ayalandi. Waayalandi wana lao, na hilo halipulizwi kabisa: kiwiko kinasukuma mivukuto iliyofungwa kiunoni. Lina noti nyingi zaidi na sauti laini zaidi, na kwa masikio yangu ni tamu kuliko la Uskoti. Tatizo ni kwamba kwa kawaida hupigwa mtu akiwa ameketi, na kwenye onyesho la panki hakuna anayeketi.