Jedwali la sifa: kilicho nyuma ya nukta za ramani

Ukifungua ramani ya maeneo ya kale ya Uganda kwenye kompyuta, Ntusi ni nukta, Munsa ni nukta, Nyero ni nukta. Kinachozitofautisha kimo katika jedwali la sifa: kila eneo na mstari wake, na kila safu inabeba jambo moja tu, kama vile namba ya utambulisho, jina, wilaya, aina ya mabaki, kipindi.

Hapo kwenye "jambo moja tu" ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anajaza kisanduku kimoja: "mahandaki, vigae vya vyungu, labda karne ya 14-16". Msomaji ataelewa, lakini mwambie kompyuta ikupangie maeneo kwa umri uone. Mabaki yapewe safu yake, mwaka wa mwanzo yake, mwaka wa mwisho yake, na hiyo "labda" ihamie safu ya kiwango cha uhakika. Miaka iingizwe kama namba, si maandishi. Majina nayo yana hila: ukiandika "Bigo" hapa na "Bigo bya Mugenyi" pale, eneo moja la mahandaki ya kale limeshakuwa maeneo mawili. Mimi hutegemea namba ya utambulisho kuliko jina.

Kisanduku kitupu si sifuri. Handaki ambalo kina chake hakikupimwa liachiwe nafasi wazi. Ukiweka 0 umesema ardhi ni tambarare. Faili za shepu (shapefile, muundo wa kuhifadhi data za ramani), ambazo bado zimeenea, zina ugumu wao pia: jina la safu halizidi herufi 10. "Kipindi_mwanzo" na "kipindi_mwisho" yakikatwa, yote mawili yanabaki "kipindi_mw". Bora uanze na majina mafupi.

Uganda imekatwa na ikweta, kwa hiyo alama ya kutoa kwenye latitudo si pambo. Nyero iko kaskazini. Nsongezi, kando ya mto Kagera, iko kusini, na latitudo ya kusini ndiyo hubeba alama ya kutoa. Isahau alama hiyo na Nsongezi itaruka zaidi ya kilomita 200 hadi pande za Ziwa Albert.

Kosa kubwa namna hiyo angalau linaonekana. Linalojificha ni la kuchanganya vipimo vya ramani za zamani, zilizochorwa kwa Arc 1960, na vya GPS, inayotumia WGS 84; hiyo ni mifumo miwili tofauti ya kupimia latitudo na longitudo. Tofauti ni takriban mita 300, kwa hiyo mfumo uliotumika nao unastahili safu yake. Pale Bigo, mita 300 zinatosha kukusimamisha ng'ambo ya handaki unalolitafuta.