Dakika za Chipukizi Si Makombo ya Ushindi

Kila msimu hapa Tabora wazazi, viongozi wa timu na hata wachezaji wa zamani wanaosimama kando ya uwanja huniletea mimi, kocha wa mpira wa kikapu, ushauri uleule: mkongwe acheze mpaka ushindi uwe mkononi, kisha gadi chipukizi, yaani mchezaji kijana wa kuongoza mpira na kugawa pasi, aingizwe "apate uzoefu". Nimeusikia kiasi kwamba sioni tena sababu ya kuujibu kwa upole.

Ni uzoefu gani unaopatikana timu ikiwa mbele kwa pointi 25 na zimesalia dakika 3? Wapinzani wameshaacha kubana, hakuna anayemzuia kijana asivuke nusu ya uwanja ndani ya sekunde 8 zinazoruhusiwa, naye amezungukwa na wenzake wa akiba, si wale atakaopaswa kuwagawia pasi siku mkongwe atakapotolewa kwa faulo 5 huku robo ya nne imepamba moto. Siku hiyo ikifika anapoteza mpira mara mbili mfululizo, na washauri walewale husema kwamba hana moyo wa mechi kubwa. Moyo anao, alichonyimwa ni mechi yenyewe.

Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, mechi ina robo 4 za dakika 10, na kwa kuwa kwa kawaida gadi wawili huwa uwanjani kwa pamoja, kocha ana dakika 80 za kugawa. Wakongwe wawili wakichukua 30 kila mmoja, zinabaki 20 za chipukizi na hakuna aliyeonewa. Mimi humwingiza mwishoni mwa robo ya kwanza na kumwacha hadi katikati ya robo ya pili, mechi ikiwa bado haijaamuliwa, huku mkongwe mmoja akihamia pembeni ili awepo wa kupokea mpira kijana akibanwa na watu wawili. Mkongwe wa pili anapumzika, jambo ambalo katika viwanja vyetu vya wazi, chini ya jua la Oktoba, si anasa hata kidogo. Tena kosa la kwanza lisimtoe: chipukizi anayetazama benchi kila apotezapo mpira huishia kupiga pasi za woga, za pembeni na za nyuma tu.

Wengine hudai kwamba kipaji kisipoanza mechi kinapotea. Steve Nash alicheza wastani wa dakika 10.5 katika msimu wake wa kwanza wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, 1996–97, akiwa na timu ya Phoenix, na baadaye akawa mchezaji bora wa ligi hiyo mwaka 2005 na 2006. Tony Parker, kinyume chake, aliaminiwa kuanza mechi katika timu ya San Antonio ya ligi hiyohiyo akiwa na miaka 19. Kuanza au kutoanza mechi hakuamui.

Dakika sawa kwa wote, kwa jina la haki? Kwa watoto wa shule ya msingi nakubali. Kwa timu ya wakubwa sikubali.

Kuhusu mkongwe anayenuna akitolewa, aelezwe mpango kabla ya mechi, kwa idadi ya dakika, na aelezwe na kocha mwenyewe badala ya kutumiwa msaidizi.