Ubaguzi wa Uingereza umehamia kwenye makaratasi, na sheria bado inatafuta rangi

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama Uingereza ya leo ina ubaguzi kuliko ya zamani. Jibu linategemea ubaguzi upi. Ule wa mlangoni, wa kukataliwa kazi au chumba machoni pa watu kwa sababu wewe ni mweusi, umepungua sana. Ule wa makaratasi umekua kimyakimya kwa zaidi ya miaka kumi. Ule wa mtaani ulikuwa umelala, na tangu kiangazi cha 2024 umeamka. Ninashauri wafanyakazi kuhusu haki zao, wengi wao wa maghala na wa kea, yaani kazi za kutunza wazee na wagonjwa. Nionavyo, madai mengi mazuri hufa kwa sababu mtu amepeleka aina moja ya ubaguzi kwenye sheria iliyotungwa kwa ajili ya aina nyingine.

Huu wa mlangoni hauhitaji maneno mengi. Mwaka 1963 kampuni ya mabasi ya Bristol ilikataa waziwazi kuajiri weusi na Waasia kama madereva na makondakta, na haikuwa imevunja sheria yoyote. Watu waligomea mabasi kwa takriban miezi minne mpaka kampuni ikasalimu amri. Sheria ya kwanza dhidi ya ubaguzi wa rangi ilikuja 1965, lakini iligusa maeneo ya umma tu. Ya 1968 ikaongeza ajira na nyumba, ya 1976 ikaongeza ubaguzi usio wa moja kwa moja, na zote leo zimeingizwa katika Sheria ya Usawa ya 2010. Matokeo yake, hakuna mwajiri mwenye akili timamu anayeandika "weusi hatuwataki". Anakaa kimya tu. Watafiti wa Nuffield College, Oxford, walituma maombi ya kazi yenye sifa zilezile kwa ajira karibu 3,200 kati ya 2016 na 2017, wakibadilisha majina na asili ya waombaji. Waingereza weupe walijibiwa vizuri mara 24 katika kila 100, na wenye asili ya nje mara 15.

Makaratasi ndipo penye mambo, na mizizi yake inapita kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1968 Wahindi wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza walianza kuondoka Nairobi kwa wingi kuelekea London. Serikali ya Uingereza iliyokuwa ikiandaa sheria ya mwaka huohuo ya kupinga ubaguzi ikapitisha, kwa siku chache tu, sheria ya kuwazuia. Hakuna mahali ilipotaja rangi. Ilitaka tu mwenye pasipoti awe na uhusiano na Uingereza yenyewe, kwa mfano mzazi au babu aliyezaliwa huko. Kila mtu alijua nani ana babu wa namna hiyo. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikubali kwamba kuwabagua watu hao kwa asili yao kulifikia kiwango cha kuwadhalilisha. Lakini mbinu ilikuwa imeshapatikana: huna haja ya kuuliza rangi kama unaweza kuuliza karatasi.

Tofauti ya leo ni kwamba anayeuliza karatasi si askari wa uhamiaji peke yake. Sheria za uhamiaji za 2014 na 2016 zilimpa kazi hiyo mwenye nyumba, na benki nayo. Mwajiri alikuwa nayo tangu zamani. Faini ndiyo inayomsukuma. Tangu Februari 2024, mwajiri akikutwa na mfanyakazi asiye na ruhusa anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila mmoja, na 60,000 akirudia. Mwenye nyumba huko England anaanzia hadi pauni 10,000 kwa kila mpangaji, na akirudia 20,000. Sasa mweke mwenye nyumba mbele ya waombaji wawili, mmoja ana pasipoti ya Uingereza, mwingine ana viza halali ya miaka mitatu inayosomeka mtandaoni tu. Anamchukua wa kwanza. Huenda hana chuki yoyote moyoni, anaogopa faini. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ilikiri kwamba utaratibu huo unasababisha ubaguzi, kisha ikasema unahalalishwa na lengo lake. Wazee wa Karibiani walioingia kihalali enzi za Windrush, meli iliyoleta wahamiaji wa Karibiani mwaka 1948, waliumizwa na mashine hiyohiyo: walikosa kazi, matibabu, wengine wakafukuzwa nchini, hadi kashfa ikalipuka 2018.

Kwa hiyo ukitafuta nyumba, punguza hofu ya mwenye nyumba kabla hajakutafutia sababu. Toa namba ya uthibitisho (share code) kwenye akaunti yako ya eVisa, yaani viza ya mtandaoni, siku ileile unayokwenda kuona chumba. Ya nyumba huanza na herufi R, ya kazi huanza na W, na zote hudumu siku 90. Wengi hutoa ya W kwa mwenye nyumba, mfumo unaikataa, naye anadhani mtu hana makaratasi. Hakikisha pia namba ya pasipoti iliyo kwenye akaunti ni ya pasipoti unayotumia sasa.

Kazini mtego ni mzito zaidi. Mfanyakazi mwenye viza ya udhamini, yaani inayomtegemea mwajiri wake, anapangiwa zamu mbaya, halipwi muda wa njiani kati ya mteja na mteja, na akilalamika anaambiwa udhamini utafutwa. Anakuja akisema, "Huu ni ubaguzi wa rangi." Kimaadili simpingi. Kisheria kuna ukuta: Juni 2016 Mahakama ya Juu, katika mashauri ya wafanyakazi wawili wa ndani kutoka Nigeria walioteswa na waajiri wao, iliamua kwamba kumnyanyasa mtu kwa sababu ya udhaifu wa hali yake ya uhamiaji si sawa na kumbagua kwa utaifa wake. Wakashindwa, ingawa hakuna aliyebisha kwamba waliteswa. Sheria inataja rangi, utaifa na asili. Viza haimo.

Maana yake ni kwamba unahitaji kulinganishwa na mtu. Kama Mfilipino au Mhindi mwenye viza ileile, kwa bosi yuleyule, anapewa zamu za mchana na wewe unapewa za usiku tu, hapo pana kesi. Kama wote wenye viza mnanyonywa sawasawa, kesi yenu ni ya mishahara na mkataba, si ya rangi, na mara nyingi ni rahisi zaidi kushinda. Hali ni hiyohiyo kwa marufuku ya Kiswahili. Mwajiri anaweza kudai Kiingereza mbele ya mteja au pale usalama unapohusika. Akikataza hata kwenye chumba cha chai, tena akawaachia Wapolandi waongee chao, amejiweka pabaya.

Yafuatayo ni mambo ya utaratibu, na hapa ndipo watu wanapoangukia.

Muda wa kudai katika mahakama ya kazi ni miezi 3 kasoro siku 1 tangu tukio. La Machi 10 mwisho wake ni Juni 9. Malalamiko rasmi ndani ya kampuni hayasimamishi saa hiyo, na hilo ndilo kosa linaloua madai mengi: mtu anangoja kwa adabu bosi amalize uchunguzi, uchunguzi unachukua wiki 14, mlango umefungwa. Kinachosimamisha saa ni kufungua taarifa ya usuluhishi kwa Acas, shirika la umma la kusuluhisha migogoro ya kazi, hatua ya lazima kabla ya mahakama, nayo ni bure. Mahakama yenyewe haitozi ada tangu Mahakama ya Juu ilipozifuta 2017. Sheria ya Haki za Kazi ya 2025 inaongeza muda hadi miezi 6, lakini vifungu vyake vinaanza kwa awamu. Angalia tovuti ya Acas uone kama hicho kimeshaanza, na ukiwa na shaka hesabu kwa mitatu.

Katika barua ya malalamiko, andika neno. Waswahili tuna adabu ya kuzunguka: "sikutendewa vizuri", "nimeonewa". Sheria inamlinda dhidi ya kisasi mtu aliyelalamikia ubaguzi. Kama barua haikutaja rangi, utaifa wala asili, mwajiri atasema hakujua kwamba unalalamikia ubaguzi, na akikufukuza kesho yake utakuwa umejivua ngao mwenyewe. Andika: "Naamini nimetendewa hivi kwa sababu mimi ni mweusi," au "kwa sababu ni Mtanzania." Weka tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe kwa Kiingereza kama yalivyosemwa, na nani alikuwepo. Jitumie nakala kwenye barua pepe yako binafsi, kwa maana ya kazini hufungwa siku unayofukuzwa. Unaweza pia kudai bure taarifa zote zinazokuhusu, ratiba za zamu na barua pepe zinazotaja jina lako. Kwa kawaida kampuni ina mwezi mmoja kujibu.

Usiache kazi kwa hasira. Mwenye udhamini akiacha au akifukuzwa, Wizara ya Mambo ya Ndani kwa kawaida humpunguzia viza hadi siku 60 za kutafuta mdhamini mwingine, na tangu Julai 22, 2025 mlango wa kuajiri wafanyakazi wa kea kutoka nje umefungwa. Walio ndani bado wanaweza kubadilisha mdhamini, kwa masharti. Tafuta kwanza, ondoka baadaye. Fidia ya kuumizwa hisia ipo, na kwa madai yaliyofunguliwa tangu Aprili 6, 2025 daraja la chini lilianzia pauni 1,200 hadi 12,100, la kati likafika 36,400, la juu 60,700. Kesi nyingi za tukio moja huangukia la chini, kwa hiyo wanaoahidiwa utajiri na mawakili wa mtandaoni wapunguze ndoto.

Mteja mzee anayesema "sitaki mtu mweusi aniguse" ni suala gumu kuliko yote ya kea. Mteja mwenyewe ni vigumu kumshitaki, na kwa miaka mingi sheria ilimwachia mwajiri mwanya. Sheria hiyo mpya ya 2025 inalenga kuuziba. Ila hata kabla yake, mwajiri akikuondolea saa, na hivyo mshahara, ili kumridhisha mteja huyo, uamuzi huo ni wake, na ni ubaguzi wa moja kwa moja. Lalamikia saa zilizopotea zaidi kuliko tusi. Saa zina ushahidi kwenye ratiba.

Nje ya kazi, mtaani, mambo yalibadilika Julai 29, 2024. Wasichana watatu waliuawa kwa kisu Southport, mji wa kaskazini-magharibi mwa England, na ndani ya saa chache mtandao ulimtaja muuaji kwa jina la uongo la Kiislamu, eti mkimbizi aliyekuja kwa boti. Alikuwa kijana aliyezaliwa Cardiff kwa wazazi kutoka Rwanda. Kesho yake msikiti wa Southport ulishambuliwa. Agosti 4 hoteli zilizohifadhi waomba hifadhi Rotherham na Tamworth zilivamiwa, moto ukawashwa, na Middlesbrough wahuni walisimamisha magari kuuliza madereva kama ni weupe. Hapo ndipo makaratasi yanapokosa maana: aliyesimamishwa barabarani haulizwi viza. Mwaka uliofuata maandamano yalihamia hoteli ya waomba hifadhi huko Epping, karibu na London, bendera za England na Uingereza zikatundikwa kwenye nguzo za taa nchi nzima, na Septemba 13, 2025 zaidi ya watu 100,000 waliandamana London. Si kila mwenye bendera ni mbaguzi. Wapo wenye hasira ya nyumba na ya kungojea daktari. Lakini kwa mlezi anayeshuka basi saa tano usiku, kutofautisha si kazi rahisi.

Wala mvutano wote si wa weupe na weusi. Leicester, jiji la katikati ya England, iliwapokea maelfu ya Wahindi waliofukuzwa Uganda 1972, licha ya halmashauri yake kulipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Hadi leo utasikia Kiswahili cha wazee dukani. Septemba 2022 vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walipambana mitaani humo, baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan na uvumi wa jaribio la kumteka msichana, ambao polisi walisema haukuwa na ukweli. Mwezi uliofuata Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama Tanganyika, akawa waziri mkuu, na serikali yake ikaendelea kupigania mpango wa kupeleka waomba hifadhi Rwanda hata baada ya Mahakama ya Juu kuukataa Novemba 2023. Anayesoma siasa za hapa kwa rangi ya mwanasiasa atapotea njia.

Ukishambuliwa au kutukanwa mtaani, piga 999 kama hatari ipo, 101 kama imepita. Sema wazi kwamba unaamini ni kosa la chuki ya rangi. Polisi wanatakiwa waliandikishe hivyo kwa imani yako tu. Ushahidi wa uhasama utahitajika baadaye, kwa mwendesha mashitaka. Kuandikishwa hivyo kuna uzito: shambulio la kawaida lina kifungo cha juu cha miezi 6, likiwa la chuki ya rangi ni miaka 2. Mwaka ulioishia Machi 2024 England na Wales ziliandikisha makosa ya chuki 140,561, na ya rangi yalikuwa 98,799. Andika namba ya basi, njia na dakika, kisha uiombe kampuni siku hiyohiyo ihifadhi picha za kamera, kwa kuwa hufutwa haraka. Chukua namba ya kesi kabla hujakata simu.

Asiye na makaratasi awe mwangalifu: polisi wanaweza kupeleka taarifa zake kwa Wizara ya Mambo ya Ndani hata akiwa yeye ndiye aliyeumizwa, basi aanze kwa wakili wa uhamiaji. Na haya ya Sheria ya Usawa hayahusu Ireland ya Kaskazini, yenye sheria yake ya 1997, wala polisi na waendesha mashitaka wa Scotland hawafuati sheria hizi za makosa ya chuki. Wanatumia ya 2021, iliyoanza kazi Aprili 1, 2024.