Paipu ya PEX "imepita presha" maana yake nini hasa

Fundi akikwambia paipu imepita presha, muulize presha gani, manake hapo kuna mambo mawili, kutovuja leo na kudumu miaka, na watu wanayachanganya kila siku.

PEX ni polithini, lakini nyuzi zake za ndani zimefungwa mafundo kama wavu wa mvuvi. Polithini ya kawaida nyuzi zimelaliana tu, ukiipasha moto zinateleza inayeyuka. PEX haiyeyuki, ndio maana huwezi kuichomea kwa mashine kama zile paipu za plastiki za PPR, lazima utie fitingi na uibane kwa ringi, na shida nyingi ninazoona huku kwetu ziko hapo kwa fitingi, si kwa paipu.

Sasa testi ya saiti. Unajaza maji, unatoa hewa yote, unapiga pampu ya mkono mpaka kama mara moja na nusu ya presha ya kazi, yaani mfumo wa bar 4 unaupeleka 6. Dakika za mwanzo geji itashuka, usianze kukazakaza ovyo, ni plastiki inatanuka, rudisha presha usubiri. Ikishuka tena na tena bila kutulia basi pita na tishu kavu kila kiungo, itakapolowa ndipo penye kuvuja. Na tafadhali usipime kwa upepo wa kompresa, fitingi ikichomoka inaruka kama risasi.

Hiyo inakwambia leo hakuvuji, basi. Kudumu ni habari nyengine kabisa, hiyo inapimwa kiwandani, paipu inawekwa kwa maji moto yenye presha maelfu ya masaa halafu wanapiga hesabu ya miaka 50. Soma maandishi ya ubavuni: mara nyingi utakuta psi 160 (psi ni kipimo cha presha kama bar) kwa digrii 23, lakini psi 100 kwa digrii 82. Paipu ni ile ile, joto ndio limeila nguvu.

Halafu maji yetu ya kisima, yale ya chumvi. Chumvi inatoa zinki kwenye brasi ya fitingi, inabaki shaba nyekundu yenye vitundu. Nilikata elbo moja Kisauni, nje manjano safi, ndani nyekundu, bisibisi ikaingia kama kwenye chokaa mbichi, na siku ilipofungwa ilipita presha vizuri tu. Kama nyumba yako inatumia kisima, itisha brasi iliyopigwa muhuri wa DZR, yaani inayostahimili kutolewa zinki, ama fitingi za plastiki ngumu za PPSU, na roli la paipu usiliache juu ya dari ya zege likingoja fundi, jua linaiharibu kabla hata haijaonja maji.